Jiwe Lisilo na Uso: Kutoka Ufukwe wa Jeddah Hadi Vilima vya Kiseke

Hujaji anayetoka Mwanza na kushuka Jeddah huwa na haraka. Moyo wake umeshatangulia Makka, na mji ule wa bandari kwake ni mlango tu wa kupitia. Ni wachache wanaopata wasaa wa kufika kwenye ufukwe wake wa Bahari ya Shamu. Wanaofika hukuta jambo ambalo huenda hawakulitarajia katika nchi ya Haramu mbili: maumbo makubwa ya shaba, chuma, marumaru na zege yamesimamishwa hadharani, kando ya bahari na katikati ya mizunguko ya barabara, na familia hupita baina yake jioni pamoja na watoto wao.

Swali la kwanza la Mwislamu anayeyaona ni la haki kabisa. Je, hizi si sanamu? Na sisi tumefundishwa nini kuhusu sanamu?

Swali hilo si la Jeddah peke yake. Mtoto wa Kiseke anayepanda daladala kwenda mjini Mwanza huiona sanamu ya samaki iliyosimama kwenye mzunguko wa barabara, ule ambao wengi tunauita kipilefti, naye humuuliza mzazi wake. Mzazi akijibu kwa mkato kwamba kila kilichochongwa ni haramu, atakuwa amemfungia mtoto mlango mpana kuliko ule uliofungwa na sheria. Akijibu kwamba hakuna neno lolote, atakuwa ameufungua mlango ambao sheria imeufunga. Inafaa basi familia ijue mpaka uko wapi, kisha itoke pamoja kwenda kutazama.

Mpaka uko wapi

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliingia Makka na kuyaondoa masanamu 360 yaliyoizunguka Kaaba. Hadithi sahihi zimekuja na makemeo makali dhidi ya wanaotengeneza sura za viumbe vyenye roho. Kwa msingi huo wanazuoni wamekataza masanamu kamili ya watu na wanyama, na jumhuri yao wakavitoa katika katazo hilo vidoli vya watoto kuchezea, kwa sababu Bibi Aisha (r.a.) alikuwa navyo nyumbani kwa Mtume.

Hata hivyo Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono ya kutengeneza sura. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume, na mtu yule alipofadhaika alimwelekeza kwamba, kama hana budi na kazi hiyo, basi atengeneze miti na kila kisichokuwa na roho. Hapo ndipo ulipo mpaka. Mkono wa fundi haukukatazwa kuchonga. Umekatazwa kuiga uumbaji wa viumbe vyenye uhai, na umekatazwa zaidi kutengeneza kitu cha kuabudiwa.

Wapo pia wanaouliza kuhusu aya ya 13 ya Suratu Sabai, inayotaja masanamu waliyomtengenezea Nabii Suleiman (a.s.) majini waliomtumikia. Baadhi ya wafasiri wamesema jambo hilo liliruhusiwa katika sheria iliyotangulia, wengine wakasema yalikuwa maumbo ya vitu visivyo na roho. Kwa jambo mahsusi linaloihusu nyumba yake, kila familia na imuulize sheikh wake.

Wazee wetu wa pwani waliuelewa mpaka huu bila kuhitaji kuandika vitabu juu yake. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 Miladia. Milango ya Mji Mkongwe imejaa maua, minyororo na mawimbi ya mti uliochongwa, na mingi kati yake imeelekezwa barabarani ili kila mpita njia aione. Huo ni uchongaji wa hadharani uliofanywa na Waislamu, na hauna uso wa kiumbe.

Meya aliyeupamba mji

Turudi Jeddah. Katika miaka ya 1970 utajiri wa mafuta uliufanya mji ule upanuke kwa kasi kubwa. Meya wake wa wakati huo, Mohamed Said Farsi, alikuwa msanifu majengo kwa taaluma. Aliona kwamba mji unaojengwa kwa haraka unaweza kupata barabara na maghorofa ukakosa mahali pa binadamu kupumzisha macho. Akaagiza kazi za wachongaji wa Kiarabu na wa nchi za mbali, zikafikia mamia, zikawekwa ufukweni na katika viwanja vya wazi. Kwa kuzingatia desturi ya Kiislamu, masanamu kamili ya watu na wanyama yaliepukwa.

Kwa hiyo mtembezi wa Jeddah hukuta baiskeli kubwa mno, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, imesimama kwenye mzunguko wa barabara. Hukuta pia maumbo yasiyofanana na kitu chochote anachokijua, yenye kumlazimu ayazunguke na kuyatafakari.

Miongoni mwa waliotengeneza kazi hizo ni Henry Moore wa Uingereza, Alexander Calder wa Marekani na Joan Miró wa Hispania, watu wenye majina makubwa katika fani hiyo. Baada ya miaka mingi chumvi ya bahari, unyevu na jua viliziharibu kazi nyingi. Kuanzia mwaka 2011 baadhi yake zilitengenezwa upya na wataalamu, kisha zikakusanywa katika bustani ya wazi ufukweni, ambako watu hutembea bila ya kuta wala milango.

Ng'ambo ya pili ya Bara Arabu, mjini Muscat, wako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili. Wao wanaijua vema Bustani ya Riyam, karibu na Matrah, ambayo juu yake kimejengwa chetezo kikubwa cheupe kinachoonekana kutoka mbali. Kila nyumba ya Kiswahili inajua chetezo ni nini na udi hufukizwa lini. Wamechukua chombo cha nyumbani, wakakikuza hadi kikawa alama ya mji, na hakuna aliyehitaji kuchonga sura ya mtu yeyote.

Mwalimu wa wachongaji ni jiwe

Katika habari za Henry Moore kuna jambo linalotuhusu sana watu wa Mwanza. Mchongaji huyo, aliyeishi kati ya mwaka 1898 na 1986, alikuwa na tabia ya kuokota kokoto, mawe ya gumegume na mifupa mikavu. Alivirundika katika karakana yake, akavigeuza geuza mkononi na kujifunza humo jinsi maji, upepo na wakati vinavyolisaga umbo hadi libaki lile lililo imara. Kazi yake iliyoko Jeddah, iitwayo Large Spindle Piece, ina ncha zilizochongoka na migongo ya mviringo kama jiwe lililosagwa na maji. Naye Calder alisomea uhandisi wa mitambo kabla ya kuwa mchongaji, na shughuli yake kubwa ilikuwa mizani: kitu kizito kinawezaje kusimama kana kwamba hakina uzito?

Mtoto wa Kiseke anayaona mambo yote mawili kila akifungua mlango wa nyumba yao. Vilima vya Ilemela vimejaa majabali ya itale, mengine ya mviringo kama mayai, mengine yamekaa juu ya mengine kwa namna inayomfanya mgeni aogope kupita chini yake. Jiwe la Bismarck, lililosimama ndani ya maji karibu na mji, limepigwa picha na kila anayefika Mwanza, na jina hilo la kansela wa Ujerumani ni ukumbusho wa watawala waliokuja wakaondoka. Jiwe lenyewe lilikuwapo kabla yao, na bado lipo.

Wataalamu wa miamba wanatueleza kwamba itale hili liligandia chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Likapata nyufa za wima na za ulalo. Maji yakapenya katika nyufa hizo na kuzilainisha pembe, udongo ukachukuliwa na mvua kidogo kidogo, na sehemu ngumu za katikati zikabaki wazi, moja juu ya nyingine. Hakuna aliyekuja kuyapanga kwa mikono. Suratul-Ghashiya inatuhimiza tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa, na Suratul-Baqara, katika aya ya 74, inataja mawe yanayobubujika mito na mengine yanayoporomoka kwa kumcha Allah (s.w.). Anayeyatazama majabali ya Mwanza akizikumbuka aya hizo hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Bustani yetu iko ziwani

Familia inayotaka kuanza haihitaji tiketi ya ndege. Kutoka Capri Point, mwendo mfupi wa boti unaifikisha Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyopandishwa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2013. Eneo lake, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18 tu, lakini liko mlangoni mwa jiji na limejaa mawe. Pimbi huota jua juu ya majabali, na mijusi yenye kichwa chekundu na mwili wa bluu hukimbia katika nyufa.

Wazazi wawape watoto kazi ya kufanya, si kutembea tu. Kila mtoto achague jabali moja. Alizunguke kwanza, kwa kuwa umbo halionekani kwa upande mmoja. Aseme linamkumbusha nini, kisha aulize ufa ulianzia wapi na maji yalipita wapi. Aangalie kivuli chake saa 4 asubuhi na akiangalie tena baada ya Adhuhuri. Mkubwa wao ajaribu kueleza kwa nini jiwe la juu halianguki. Wakirudi nyumbani wachore walichokiona. Mchoro wa jiwe hauna shaka yoyote, na mtoto aliyejifunza kutazama jiwe kwa makini atatazama na mambo mengine kwa makini.

Hapa pana tahadhari moja ya kiimani. Katika Kisiwa cha Ukara kuna jiwe mashuhuri linaloitwa jiwe linalocheza, na katika kanda yetu yako mawe ambayo watu huyahusisha na mizimu na matambiko. Tustaajabu bila kuvuka mpaka. Umar bin Khattab (r.a.) alilibusu Jiwe Jeusi la Kaaba huku akitangaza mbele ya watu kwamba anajua fika kuwa ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kuwa tu alimwona Mtume akilibusu. Ikiwa hilo ndilo neno lililosemwa mbele ya jiwe tukufu kuliko yote, basi jabali la kilimani nalo ni jiwe. Sifa zote ni za Aliyeliumba.

Kabla ya nyundo

Lililobaki ni zito zaidi. Mji wetu unakua kama Jeddah ilivyokua. Kiseke ya leo ina nyumba mahali ambapo jana palikuwa na vichaka, na nyumba inahitaji msingi, na msingi unahitaji mawe. Majabali yanapasuliwa kwa moto, kwa mtaimbo na kwa nyundo, kisha akina mama wanakaa juani kuyaponda yawe kokoto ili watoto wale na walipiwe mahitaji ya shule. Hiyo ni riziki ya halali yenye jasho, na wala makala haya hayamlaumu yeyote anayeitafuta.

Lakini riziki hiyo inaweza kuwapo bila kila kilima kumalizwa. Mkutano wa mtaa ni mahali halali pa kusema kwamba jabali hili na lile tuliachie watoto. Wazee, viongozi wa misikiti na walimu wa madrasa wanaweza kusimama pamoja na majirani zao wa dini nyingine kuomba kiwanja kimoja cha wazi katika kila eneo kisigawiwe, mawe yake yaachwe, ipandwe miti miwili mitatu na liwekwe benchi la kukalia mama mwenye mtoto mgongoni. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na aliyoyatumia meya wa Jeddah. Yeye ilimlazimu kununua maumbo kutoka kwa mafundi wa dunia, na sisi tumepewa.

Tena kuna tofauti moja ambayo kila mwenye nyumba Kiseke aipime kabla hajaleta nyundo. Kazi za Jeddah zilipoharibiwa na chumvi, wataalamu walizitengeneza zikasimama tena, kwa sababu ziliundwa na binadamu na binadamu anaweza kuzirudia. Itale lililochongwa na mvua za miaka isiyohesabika halina fundi wa kulirudisha. Likishakuwa kokoto, mtoto atakayezaliwa mwakani ataambiwa tu kwamba mji wake uliwahi kuitwa mji wa mawe.