Malipo Bila Mwajiri

Agosti 2022 timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilikwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki. Kwa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekuwa ametoka kutangazwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vya Marekani, safari hiyo ilikuwa na shughuli ya pili: kutekeleza mikataba ya matangazo ambayo ndani ya Marekani ingeihatarisha viza yake. Wenzake wenye uraia walikuwa wameruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao tangu Julai 1, 2021. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na kazi ya namna hiyo hakuruhusiwa kuifanya katika nchi iliyokuwa ikimshangilia kila wiki. Msukosuko wa sasa katika michezo ya vyuo vya Marekani, pamoja na mabilioni na kesi zake zote, nauona vizuri zaidi nikianza na mtu kama huyu: malipo yamehalalishwa, yeye hayamfikii.

Haki yenyewe ya kulipwa sina shaka nayo. Mwaka 2016 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliongeza kwa miaka 8 mkataba wa kurusha mashindano yake ya kikapu ya wanaume kwenye televisheni, kwa dola bilioni 8.8. Nick Saban, aliyekuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani pale Alabama, alivuka mshahara wa dola milioni 10 kwa mwaka, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa, ni kocha. Wakati fedha za namna hiyo zikigawanywa, Shabazz Napier, aliyeiongoza Connecticut kutwaa ubingwa wa kikapu mwaka 2014, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku alilala na njaa. Ufadhili wa masomo ulikuwa na thamani, na wapo wengi ambao bila huo wasingekanyaga chuo. Ila kiwango chake kilipangwa na haohao waliogawana mapato, kwa maafikiano ambayo katika biashara nyingine yangeitwa njama ya kubana ujira.

Hoja kwamba mchezaji si mfanyakazi ilikuzwa na madai ya fidia. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo cha Fort Lewis, jimbo la Colorado, alifariki baada ya kuumia kichwa uwanjani. Mjane wake akadai fidia wanayopewa wafiwa wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba marehemu hakuwa mfanyakazi wa chuo. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kwa zaidi ya miaka 30, aliilinda hoja hiyo kwa ukali. Alipokwisha kustaafu aliandika kitabu, mwaka 1995, akiushutumu mfumo alioujenga kwa mikono yake. Nampa heshima kwa kusema, ingawa wengi wa waliodhulumiwa wakati wake walikuwa wameshaacha kucheza.

Kilichofuata kilitoka mahakamani zaidi kuliko vyuoni. Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa 1995 akiwa na UCLA, alijiona ndani ya mchezo wa kompyuta uliokuwa ukiuzwa bila yeye kupata senti. Mwaka 2009 akafungua kesi, na mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken akaona kwamba kanuni za NCAA zilivunja sheria za ushindani. California ikatunga sheria ya kuruhusu wachezaji kulipwa kwa majina na sura zao mwaka 2019. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa sauti moja, iliiangusha NCAA katika kesi nyingine ya wachezaji, inayoitwa Alston. Kisha Juni 6, 2025, Jaji Wilken huyohuyo akaidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi nyingine ya wachezaji, inayoitwa House: takriban dola bilioni 2.8 za malimbikizo kwa wachezaji waliopita, zitakazolipwa kwa miaka 10, na ruhusa kwa kila chuo kinachoyakubali kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Makocha wamelalamika kwamba vijana sasa wanahama chuo kila mwaka kufuata dau. Malalamiko hayo hayanigusi sana. Makocha wenyewe walikuwa wakiondoka walipoitwa na chuo tajiri, na hakuna aliyewakalisha benchi mwaka mzima kama adhabu, kama walivyofanyiwa wachezaji. Linalonitia wasiwasi ni masomo. Anayepita vyuo 4 katika miaka 5 hupoteza kozi njiani, kwa sababu chuo kipya hakilazimiki kuzitambua zote, na wengi wao hawataishi kwa michezo.

Wasiwasi mkubwa zaidi ni wa riadha, kuogelea, mieleka na tenisi. Malipo mapya yanatoka katika mfuko uleule wa idara ya michezo, na sehemu kubwa yanaelekea futiboli na kikapu cha wanaume. Hata katika malimbikizo, karibu asilimia 90 ilitengewa michezo hiyo miwili. Siku chache baada ya uamuzi huo wa Jaji Wilken wanariadha wa kike walikata rufaa, wakisimama juu ya sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Mwezi huohuo Chuo Kikuu cha Washington State kilitangaza kufuta miruko na mitupo na kupunguza mbio fupi. Ni chuo alichosoma Henry Rono, Mnandi aliyevunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, wakati riadha yote ilikuwa ya ridhaa na mkimbiaji hakutakiwa kupokea kitu. Mbio ndefu zimesalimika pale. Kwingine hazina uhakika.

Kwa mujibu wa makubaliano, kikosi cha mbio za nyika kina ukomo wa watu 17, na cha riadha watu 45. Ukomo wa zamani wa ufadhili, ambao kwa riadha ya wanaume ulikuwa nafasi 12.6 tu za kugawana, umeondolewa. Kwenye karatasi hiyo ni neema: chuo kinaweza kumfadhili kila mmoja kikosini. Lakini anayeamua ni mwenye bajeti, na bajeti sasa ina wachezaji wa futiboli wanaosubiri mgawo wao. Juni hiyohiyo ya 2025, huko Eugene, Mkenya Doris Lemngole wa Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 58.15, mwanafunzi wa kwanza wa vyuo vya Marekani kushuka chini ya dakika 9. Michezo inayotoa ushindi wa namna hii haijazi viwanja vya watu 100,000, na mahali thamani inapopimwa kwa tiketi na televisheni, inaweza kukatwa bila kelele.

Naona kosa la msingi halijaguswa. Vyuo vimekubali kulipa, vimekataa kuwa waajiri. Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chuo kikagoma kujadiliana nao, na mwisho wa mwaka ombi lao likaondolewa. Bila chama, ukomo wa dola milioni 20.5 haukupangwa mezani na wachezaji wenyewe kama ilivyo katika ligi za kulipwa, na aliyeumia hana fidia ya kazini, kama ilivyokuwa 1957. Vyuo vinaomba Bunge la Marekani livipe kinga dhidi ya kesi zaidi. Bunge likitoa kinga hiyo bila kuwapa wachezaji haki ya kujadiliana, litakuwa limerudisha dhuluma ileile ikiwa na bahasha ya fedha ndani. Na likitunga sheria ya kinga hiyo, lirekebishe pia viza ya mwanafunzi, ili mgeni asilazimike kuvuka maji kufuata ujira wake.

Kwa wazazi na walimu wa riadha wa Iten, Eldoret, Arusha na kwingine wanaopokea barua za makocha wa Marekani: ulizeni kabla ya kijana kusaini. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya masomo? Kocha akiondoka, nani anabaki na ahadi hiyo kwa maandishi? Akiumia, nani analipa hospitali, na hadi lini? Chuo kikifuta timu, ataruhusiwa kumaliza shahada? Kuhusu fedha za matangazo, asipokee hata dola moja kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu kosa la viza humrudisha nyumbani kijana, si kocha.