Mashine ya Vyombo na Feni ya Ukuti

Kijiji cha Matemwe, kilichoko kaskazini mashariki mwa Unguja mkabala na kisiwa cha Mnemba, kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Na mwamba huo, ambao mgeni huusifu kwa weupe wa pwani yake na mkulima huulaumu kwa uchache wa udongo wake, ndio unaohukumu umri wa kila chombo kichemshacho maji kijijini, tangu birika la chai la nyumbani hata mashine ya kuoshea vyombo iliyomo katika jiko la hoteli. Maji ya mvua hupenya mwambani, yakayeyusha chokaa kidogo kidogo, yakashuka nayo visimani yakiwa maangavu kwa macho. Lakini yakipata moto, chokaa ile hujitenga na kugandia chuma tabaka juu ya tabaka, mpaka hita ikavaa gamba jeupe gumu. Ni jiwe lile lile ambalo wazee walilichoma tanuuni wakapata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe, na sasa hurudi kwa njia ya maji kuziba matundu ya mashine.

Mashine hizo si nyingi katika nyumba zetu, ambamo dodoki, makumbi na majivu vimefanya kazi hiyo tangu kale. Nyingi ni za mahoteli, na chache zimeletwa na jamaa waliokaa Uingereza au Uarabuni, wakafungasha vyombo vyao wakati wa kurejea; na kwa kuwa wanaozijua tabia zake ni haba, aghalabu hutumika muda mfupi, zikagoma, kisha zikasukumwa stoo na kuwekewa ndoo na madumu juu yake. Mimi nazitetea, hususan zile kongwe, kwa kuwa naamini kwamba nyingi miongoni mwao zi hai bado, na kilichokosekana ni mkono wa kuzifungua.

Asili ya mashine hii yamkini itampendeza msomaji wa pwani. Josephine Cochran, bibi wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, Marekani, alikuwa na sahani za kauri alizozienzi, na watumishi wake walikuwa wakizimegua kingo walipoziosha. Kwa uchungu huo alibuni, akisaidiwa na fundi George Butters, mashine iliyorusha maji ya moto juu ya vyombo vilivyotulia katika vichaga vya waya, akapata hataza yake tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka 1893 mashine zake zikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Nani awezaye kuuelewa uchungu wa bibi yule kuliko watu wa pwani hii, ambao wazee wao walipachika vyombo vya kauri ya Uchina katika nguzo ya kaburi la Kunduchi, wakavipanga vingine katika zidaka za kuta zao, na ambao mpaka leo humwonya mtoto asilisogelee kabati la vyombo vya wageni?

Kabla ya kumwita fundi, napenda kuwakumbusha wenzangu chuo chetu cha kwanza cha mashine. Sisi tuliolelewa pwani hatukununuliwa vyombo vya kuchezea; tuliviunda. Vifuu vya nazi vilikuwa sufuria, makombe yalikuwa sahani, mchanga mkavu ulikuwa wali na mchanga uliolowa maji ya bahari ulikuwa mkate wa kumimina, na mpishi alisifiwa kwa umahiri wa kuonja asichokitia kinywani. Karamu ikiisha, vyombo havina budi kuoshwa, kwani mama zetu hawakulala na vyombo vichafu na sisi tuliigiza kila walilolifanya. Basi tulitoboa kopo la maziwa kwa msumari, tukalitundika tawini, mmoja akimimina maji na wengine wakipitisha vifuu chini yake, tukagundua bila ya mwalimu kwamba matundu yakizidi maji huishiwa nguvu, na yakipungua hayafiki kila mahali. Na feni ya ukuti, iliyosukwa kwa majani ya mnazi na kuchomekwa chelewa katikati, ndiyo iliyokuwa chombo chetu cha umeme: ukikimbia nayo kuukabili upepo wa kusi, ilizunguka hata usiyaone majani yake. Watoto wa Marekani, tangu mwaka 1963, waliuziwa jiko dogo liitwalo Easy-Bake, lililooka keki halisi kwa joto la balbu za taa. Nayo ilikuwa elimu njema, maana mtoto alijionea kwamba taa ni moto pia. Hata hivyo jiko la kifuu lilikuwa na fadhila moja iliyolizidi lile: lilipoharibika, aliyelitengeneza alikuwapo, naye alikuwa na umri wa miaka saba.

Sasa tutazame ndani ya mashine yenyewe. Wengi hudhani kwamba hujaa maji mpaka juu, sivyo. Huingiza maji machache yakatuama chini, pampu ikayavuta na kuyarusha tena na tena kupitia mikono yenye matundu, na mikono hiyo haina mota yake: baadhi ya matundu yametobolewa mshazari, maji yakitoka kwa kasi upande mmoja mkono husukumwa upande wa pili, ukazunguka kama ile feni ya ukuti. Mashine za zama hizi hutosheka kwa lita 10 hivi katika mpango wake wa kubana matumizi, ilhali kongwe hutumia mara kadhaa ya kiasi hicho, jambo ambalo mwenye kisima haba hana budi kulipima kwa insafu kabla ya kuanza kazi.

Fadhila ya mashine kongwe iko katika taima. Ni mota ndogo izungushayo gurudumu lenye vijino, na kila jino lifikapo mahali pake hufunga au hufungua njia ya umeme, maji yakaingia, hita ikawaka, pampu ikaondoa uchafu. Kifaa hiki chaonekana kwa macho na mlio wake wasikika, na fundi mwangalifu aweza kukifungua, kukisafisha na kukirudisha. Mashine mpya hutawaliwa na kadi ya elektroniki, ambayo umeme usiotulia huiunguza kwa lahadha moja. Na umeme wa Unguja una tarehe yake. Kisiwa kiliunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980; Mei 2008 hitilafu ilikiacha gizani muda wa mwezi mmoja takriban, na giza likarejea Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisha waya mpya wenye nguvu zaidi ukaanza kazi mwaka 2013. Taima ya vijino, umeme ukikatika, husimama pale ilipo na kungoja.

Kazi ya kufufua huanza kwa kuchomoa plagi na kufunga maji. Chujio hutolewa na kusuguliwa; matundu ya mikono huzibuliwa kwa chelewa, ambayo naiona bora kuliko sindano kwa kuwa haikwaruzi wala kupanua tundu. Gamba la hita halipigwi nyundo. Huyeyushwa kwa siki, au kwa unga wa asidi ya ndimu uliotiwa katika maji ya moto, na povu litakaloinuka ni dalili kwamba chokaa inakwisha. Lakini siki isikutanishwe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana mvuke wake ni sumu. Pampu iliyolala muda mrefu huganda, basi izungushwe kwa mkono kabla ya kupewa umeme. Beringi zikipiga kelele zibadilishwe, na mota iliyoungua wapelekewe mafundi wa kusuka mota. Wako wanaokata mpira wa tairi kuziba mlango, nami siwaungi mkono, kwa kuwa maji ya moto na sabuni kali huulegeza upesi, na maji yanayovuja karibu na waya za umeme ni hatari kwa nafsi. Mashine yenye kichujio cha kulainisha maji hudai chumvi safi ya chenga nene. Chumvi ya bahari isiyosafishwa ina chokaa na magnesi ndani yake, yaani inaongeza maradhi yale yale iliyoitwa kuyatibu.

Mzunguko wa kwanza uendeshwe bila ya vyombo, mlango ufunguliwe baadaye na sakafu yake itazamwe: maji yakiwa yametuama kupita kiasi, bomba la kutolea limeziba. Likiisha hilo, zitangulie bilauri na sahani za kila siku. Zile za bibi zenye mstari wa dhahabu ukingoni zisitiwe humo hata mashine ikiwa nzima kabisa, kwa kuwa joto na sabuni yake huifuta dhahabu; hizo zioshwe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini.