Kagera: Mto na Mstari

Wasikilizaji, tukimwuliza mtoto wa shule wa Bukoba au Muleba mpaka wa nchi yetu na Uganda ni upi, mara nyingi hujibu upesi, "Ni mto Kagera." Jibu hilo lina kweli kidogo tu, na watu wazima waliolishika wamekwisha kuleta vita.

Natuutazame kwanza mto wenyewe. Kagera huanza pale Ruvubu na Nyabarongo zikutanapo, karibu na maporomoko ya Rusumo. Kutoka huko waelekea kaskazini ukitutenga na Rwanda. Kisha wageuka mashariki, na kwa kitambo watutenga na Uganda pia. Halafu waingia ndani ya Tanzania, wapita chini ya daraja la Kyaka, warudi kaskazini, na kumwaga maji yake ziwani katika nchi ya Uganda.

Njiani huupokea mto Ngono, ambao mwendo wake ni wa ajabu. Watoka upande wa Muleba, si mbali na Ziwa Victoria, Lweru ya Wahaya. Lakini safu za vilima zilizosimama kandokando ya ziwa zauzuia kwenda mashariki. Yaubidi kushika bonde kuelekea kaskazini hata Kagera, ndipo maji yake yafike ziwani kwa kuzunguka. Vilima hivyo ni mpaka wa kweli, wala havikuandikwa katika mkataba wo wote.

Lakini sehemu kubwa ya mpaka wa Uganda ni mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta, waliopatana Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890. Ulichorwa juu ya karatasi, nao wakata nyasi, vilima na maji sawasawa. Mutukula uko juu ya mstari huo. Kutoka Kyaka ni kiasi cha kilometa 30.

Basi kati ya mto na mstari pana nchi ya kilometa za mraba 1,800 hivi, ambayo ni ya Tanzania ingawa iko ng'ambo ya maji. Idi Amin alidai kwamba mpaka wa haki ni mto. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wake waliiteka nchi hiyo, na mwanzo wa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Wenyeji walipoteza nyumba na ng'ombe, na wengi roho zao. Tanzania ilipigana hata Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Na mwaka huo Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto. Mstari haukusogea.