Sauti ya Bibi na Kompyuta ya Mjukuu

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wa nasaha, na tangu hapo utenzi huo umepita midomoni mwa wanawake wa Lamu, Pate na Mombasa, kizazi baada ya kizazi. Maandishi yake yamehifadhiwa. Lakini utenzi haukutungwa usomwe kwa macho pekee. Una mahadhi yake, na kila mghani ana pahala pake pa kuvuta pumzi, pa kupandisha na pa kushusha. Mambo hayo hayaandikiki. Mghani akitangulia mbele ya haki, huondoka nayo.

Kuihifadhi sauti hapo zamani kulikuwa na gharama kubwa. Mwaka 1928 ilimbidi Siti binti Saad avuke bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili aimbe mbele ya mitambo ya santuri. Baadaye ikaja kaseti, na maduka ya Mombasa yakawa yanarekodi na kuuza taarabu na mawaidha. Leo hii safari hiyo yote imeingia ndani ya chumba cha kulala: kompyuta ya mpakato, kipaza sauti, hedifoni na programu. Mashine imekuwa rahisi kuipata, ila kuitumia pasipo kuharibu kazi kungali kunahitaji utaratibu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kayole, mashariki ya Nairobi, mtaa ambao miongoni mwa wakazi wake zimo jamaa zilizotoka Pwani kwa ajili ya kazi na masomo. Siku za kawaida yeye hurekodi kaswida za wenzake. Wiki hii bibi yake yuko hapo, amekuja kutoka Lamu kwa matibabu, na baada ya siku chache atarejea. Mjukuu anataka aghani utenzi wote. Bibi anaanza, hedifoni zinamrudishia sauti yake kwa kuchelewa, anababaika. "Ngoja kidogo, bibi." Anaanza tena, sauti inakwaruza. "Ngoja, bibi, mara moja tu." Ukifika mwanzo wa tatu, koo limechoka na hamu imekwisha.

Aghalabu katika hali kama hii kijana hubonyeza kila kitufe kwa pamoja, hubadili mipangilio mitano kwa mpigo, na hata tatizo likiondoka hajui ni lipi lililoliondoa. Kesho likirudi, anaanza upya. Njia iliyo sahihi ni kuifuata sauti katika safari yake: mdomoni, kwenye kipaza sauti, kwenye kadi ya sauti, kwenye programu, hadi kwenye faili. Kila kituo kikaguliwe peke yake, na kigeuzwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kituo cha kwanza ni chumba. Kuta za saruji hurudisha mwangwi, na mwangwi ukisharekodiwa ni vigumu mno kuuondoa. Blanketi nzito lililotundikwa nyuma ya msomaji, godoro lililosimamishwa ukutani, au kabati la nguo lililoachwa wazi hufanya kazi kubwa kuliko plagini yoyote. Kelele za matatu wa Spine Road hazina dawa isipokuwa kuchagua saa: baada ya Isha mpaka usiku, au mapema baada ya Alfajiri. Mvua ikipiga mabati, kazi iahirishwe.

Kituo cha pili ni kiasi cha sauti inayoingia. Katika rekodi za kidijitali kilele ni sifuri, na kinachovuka hapo hukatwa, kikabaki na mpasuko usiotibika. Msomaji aghani ubeti mmoja kwa nguvu atakazotumia kwelikweli, kisha kiasi kipunguzwe hadi vilele vyake vicheze kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Sauti iliyo ndogo kidogo hupandishwa baadaye, iliyopasuka haishoneki.

Kituo cha tatu ndicho kinachowatatiza wengi: sauti kuchelewa. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone, bali huikusanya kwanza kwenye ghala dogo liitwalo bafa. Bafa ya sampuli 256, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, hushikilia sauti kwa takriban milisekunde 6. Bafa ya 1,024 huishikilia kwa milisekunde 23, na kwa kuwa sauti hupita bafa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, msomaji hujisikia kama anayejibiwa na mtu mwingine. Basi kanuni ni hii: wakati wa kurekodi, bafa iwe ndogo, wakati wa kuchanganya na kupamba, iwe kubwa. Hedifoni zisizo na waya ziwekwe kando kabisa, kwani zina ucheleweshaji wao ambao mpangilio wa bafa hauuondoi. Kwenye kompyuta za Windows, draiva ya aina ya ASIO, ikiwa kadi ya sauti inayo na programu inaikubali, hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa.

Bafa ikiwa ndogo kupita uwezo wa prosesa, huzuka mikwaruzo na mikato. Hapo wengi hudhani kipaza sauti kimeharibika, wakaingia gharama ya kununua kingine. Kabla ya hayo, zifungwe programu nyingine zote, intaneti izimwe, na plagini zote za mapambo ziondolewe kwa muda. Mikwaruzo ikiendelea, bafa ipandishwe daraja moja, kutoka 256 hadi 512, na ijaribiwe tena. Kwa msomaji mmoja asiyefuata ala yoyote kuna suluhisho jepesi zaidi: avue hedifoni, aghani kama aghanivyo barazani. Kuchelewa kutabaki ndani ya mashine, wala hakutamgusa.

Kituo cha nne ni kiwango cha sampuli. Kadi ya sauti ikiwa imewekwa 48,000 na programu ikaisoma rekodi kana kwamba ni 44,100, sauti hupungua mwendo kwa takriban asilimia 8 na kuwa nzito. Bibi hutoka kama mtu mwingine, na mahadhi yake hupotoka bila ya mtu kutambua kwa haraka. Yachunguzwe mambo matatu, yaani kadi, mfumo wa kompyuta na programu, na yote yasome namba moja.

Kituo cha mwisho ndicho chenye majuto makubwa. Katika programu nyingi, faili ya mradi haina sauti ndani yake; ni ramani tu inayoonyesha sauti ilipo. Ndiyo maana kijana hunakili mradi kwenye flashi, akaufungua kwa rafiki yake, akakuta traki tupu. Audacity, programu isiyolipiwa iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na faili ya mradi na folda yake kando, mpaka toleo la 3.0 la mwaka 2021 lilipoviunganisha kuwa faili moja. FL Studio, inayopendwa na watayarishaji wengi vijana, ina njia ya kuhifadhi mradi pamoja na sauti zake katika furushi moja la zipu. Yeyote anayehamisha kazi na ajifunze njia ya programu yake kabla ya siku ya kuhama.

Fauka ya hayo, umeme hukatika. Betri ya kompyuta ijazwe kabla ya kuanza, na kazi ihifadhiwe kila baada ya beti kadhaa. Sauti ghafi itolewe kwa muundo wa WAV, usiobana sauti; dakika moja ya traki moja, biti 16 kwa 44,100, huchukua takriban megabaiti 5, hivyo saa nzima ni kama megabaiti 300. Nakala ziwe tatu, na mojawapo ikae nyumba nyingine. Kunakohitajika kusafisha na kupamba, kufanywe juu ya nakala. Ile ghafi isiguswe. Na anayetuma kwa WhatsApp aitume kama waraka, asidhani kuwa ujumbe wa sauti ni hifadhi.

Majaribio yote haya hufanywa usiku wa kabla, kwa sauti ya mjukuu mwenyewe, ili bibi akiketi iwe ni kughani tu. Aulizwe ridhaa yake, na aulizwe pia nani angependa asikie na nani asisikie, kwani sauti ni amana. Faili ipewe jina kamili: jina la mghani, jina la utenzi, mahali na tarehe. Nakala moja arudi nayo Lamu.