Mpelelezi na Masikio ya Mkuu

Miongoni mwa picha za sinema zilizotengenezwa katika Urusi ya Kisovieti juu ya vita vya 1941 mpaka 1945, ziko za mizinga na majeshi, na ziko za mtu mmoja aliyevaa mavazi ya adui, akaketi mezani pa adui, akala chakula chake na kusikiliza siri zake. Hizi za pili ndizo tunazotaka kuzizungumzia leo. Zilipendwa mno na wafanyakazi wa nchi ile, na ndani yake limo funzo ambalo watengenezaji wake hawakuwa na uhuru wa kulisema lote.

Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya vita kwisha, Boris Barnet alitoa katika studio ya Kiev picha iitwayo "Ushujaa wa Mpelelezi". Mchezaji Pavel Kadochnikov alikuwa Meja Fedotov, aliyejifanya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Eckert, ili apate barua za siri za jenerali wa Hitler. Watu zaidi ya milioni 20 waliitazama. Katika tukio moja lililokumbukwa kwa miaka mingi, Fedotov ainua bilauri mbele ya maofisa wa Kijerumani na kunywa kwa ajili ya ushindi "wetu". Maofisa wanywa kwa furaha, wakidhani ni ushindi wao. Mtazamaji ajua ni ushindi wa nani.

Picha nyingine zikafuata. Mwaka 1967 ilitoka picha juu ya Nikolai Kuznetsov, mtu wa kweli, mtoto wa mkulima wa Urals, aliyeishi kati ya Wajerumani mjini Rovno kwa jina la Paul Siebert, akauawa Machi 1944. Mwaka 1968 Vladimir Basov alitoa "Ngao na Upanga" katika sehemu nne, na mwaka huo huo Savva Kulish akatoa "Msimu Mfu", ambayo mwanzoni mwake alitokea mpelelezi mwenyewe, Rudolf Abel, akizungumza na watazamaji. Bwana huyo alikamatwa mjini New York mwaka 1957, akabadilishwa na rubani wa Kimarekani, Powers, mwaka 1962.

Lakini iliyozipita zote ni kazi ya mama mmoja, Tatyana Lioznova, iliyoonyeshwa katika televisheni Agosti 1973 kwa sehemu 12. Jina lake ni "Nyakati Kumi na Saba za Majira ya Machipuko", na chanzo chake ni kitabu cha Yulian Semyonov. Vyacheslav Tikhonov ni Stirlitz, ofisa wa SS mjini Berlin, ambaye kwa kweli ni Mrusi aitwaye Isayev. Mwanzoni mwa 1945 anaamriwa atafute ni mkubwa gani wa Hitler anayetaka kupatana kwa siri na nchi za magharibi. Hadithi ni ya kubuni, lakini mazungumzo yenyewe yalikuwako: Machi 1945 jenerali wa SS, Karl Wolff, alikutana na Mmarekani Allen Dulles katika Uswisi.

Atazamiaye bunduki katika picha hii atazisikia kwa nadra. Stirlitz hufikiri, hungoja, huendesha gari, hupita katika vyumba virefu vya ofisi. Mkewe aletwa kutoka Moscow ili amwone kwa dakika chache katika mkahawa. Wakaa meza mbalimbali, wakitazamana bila neno hata moja, kisha mke aondoka. Kadhalika yuko Kate, mpeleka habari kwa simu ya upepo, aliyelia kwa Kirusi katika uchungu wa kuzaa, akajifichua. Maofisa wa SS wamweka mtoto wake mchanga mbele ya dirisha lililo wazi, katika baridi, ili mama aseme. Anayemwokoa ni Helmut, askari wa Kijerumani, ambaye hakuweza kuvumilia ukatili ule. Wananchi waliopoteza watu wapatao milioni 27 waliambiwa waziwazi kwamba Mjerumani na Mnazi si kitu kimoja. Twaona huo ulikuwa ungwana mkubwa.

Sasa tuseme lile lisilosemwa. Katika picha hizi, habari ya mpelelezi ikifika Moscow husomwa, huaminiwa, na jambo hutendeka. Historia yasema vingine. Mwaka 1941 Richard Sorge, akiwa Tokyo, alionya kwamba Hitler ajitayarisha kushambulia. Mjini Berlin, Arvid Harnack na Harro Schulze-Boysen, Wajerumani waliouchukia Unazi, walipeleka onyo kama hilo. Hata ndani ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, alikuwamo ofisa aitwaye Willi Lehmann aliyewafanyia kazi Warusi tangu 1929. Onyo la Schulze-Boysen lilipofika mezani kwa Stalin katikati ya Juni, aliandika juu yake maneno ya matusi. Siku chache baadaye, tarehe 22 Juni 1941, majeshi ya Hitler yalivuka mpaka.

Na waliopeleka habari walipata malipo gani? Harnack, Schulze-Boysen na Lehmann waliuawa na Manazi Desemba 1942. Sorge alinyongwa na Wajapani tarehe 7 Novemba 1944. Serikali aliyoitumikia ilinyamaza kwa miaka 20. Hata picha ya sinema juu yake ilitengenezwa na Mfaransa, Yves Ciampi, mwaka 1961. Ilionyeshwa katika Urusi mwaka 1964, na Novemba mwaka huo ndipo Sorge alipopewa cheo cha Shujaa wa Muungano wa Kisovieti. Harnack na Schulze-Boysen walingoja nishani zao mpaka 1969. Wala tusisahau kwamba wakuu wengi wa idara za upelelezi waliuawa na serikali yao wenyewe katika miaka ya 1937 na 1938, kwa tuhuma za uongo.

Hatusemi haya ili kuzibeza picha hizi. Ni kazi njema, na atakayepata nafasi ya kuzitazama azitazame. Zilimheshimu mtu afanyaye kazi kimya, asiyepigiwa makofi, na heshima hiyo ilistahili. Ila zilimsifu Stirlitz wa kubuni, ambaye daima husikilizwa, na kwa kufanya hivyo zikawafunika akina Sorge wa kweli waliopuuzwa.

Wahenga walituachia usemi kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mambo ya Juni 1941 yatuongezea upande wa pili. Mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika guu, na maumivu yake hayakai kwake peke yake. Mwenye kuleta habari mbaya katika kiwanda, katika ofisi au katika mkutano wa tawi aweza kuwa ndiye rafiki wa kweli kuliko wote waliomo. Yatupasa kumsikiliza angali hai.