Baba katika chumba cha uzazi: msaidizi, si mkalimani

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, uzazi ni shughuli ya wanawake. Mama mzazi, shangazi na mkunga humzunguka mjamzito, naye mume husubiri nje hadi aletewe habari.

Lakini kwa familia zilizopata makazi Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, mambo yamebadilika. Mara nyingi shangazi yuko Bukavu, mama yuko katika kambi ya Nyarugusu au Kakuma, na mtu mzima pekee aliye karibu ni mume.

Miji hiyo mitatu imepokea Wakongo, Warundi na Wasomali wengi, na Columbus ina mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini humo. Katika hospitali zake, mume kuwamo chumbani ni jambo la kawaida.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mwanamke awe na mwandani amtakaye wakati wa kujifungua. Uchambuzi wa tafiti 26 uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wanaopata msaada usiokatika huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wao huwa mfupi zaidi.

Lugha na ridhaa

Kosa ambalo ni rahisi kutokea ni kumfanya mume kuwa mkalimani. Mtu anayetafsiri maneno ya daktari hawezi wakati huohuo kumshika mkewe mkono. Isitoshe, yapo mambo ambayo mwanamke hatayasema kupitia kinywa cha mumewe.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 huzitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Ni vyema mume aombe huduma hiyo mapema, akiitaja lugha barabara. Mathalani, miongoni mwa Wasomali Wabantu wapo wanaozungumza Kimaay au Kizigua, na mkalimani wa Kisomali hatawafaa.

Jambo jingine ni ridhaa. Nchini Marekani, mwanamke mtu mzima ndiye anayetia saini kukubali au kukataa upasuaji au sindano ya ganzi ya mgongoni. Saini ya mume haihitajiki. Kwa hiyo wanandoa huzungumza nyumbani, miezi kabla, ili mume ajue matakwa ya mkewe na amkumbushe maswali yake, wala si kumwamulia.

Siku ya uchungu

Kwa mimba ya kwanza isiyo na matatizo, wahudumu wengi hushauri kwenda hospitali uchungu unapokuja kila baada ya dakika 5, ukidumu dakika 1, kwa muda wa saa 1. Kazi ya kutazama saa humfaa mume. Chupa ikipasuka, humpigia mkunga au daktari simu mara moja. Hali ni hiyohiyo mtoto akipunguza kucheza tumboni.

Damu nyingi, kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu, maumivu ya kifua au kushindwa kupumua ni dalili za kupiga simu 911. Kwa sheria ya mwaka 1986, idara ya dharura ya hospitali haiwezi kumfukuza mwanamke mwenye uchungu kwa kukosa fedha au hati za ukaazi.

Chumbani, msaada ni wa vitendo: kumsugua kiuno, kutembea naye, kumsaidia kubadili mkao, na kupumua naye polepole. Kumwambia "jikaze" hakumsaidii sana. Kiti cha gari cha mtoto mchanga, kinachotazama nyuma, kiwe tayari kabla ya siku hiyo.

Kazini

Sheria ya mwaka 1993 humpa mzazi likizo isiyo na malipo hadi wiki 12, iwapo amefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiopungua 50. Mgeni aliyeajiriwa majuzi huikosa. Jimbo la New York, uliko mji wa Buffalo, limekuwa na likizo ya malipo tangu mwaka 2018, na akina baba huipata pia baada ya mtoto kuzaliwa. Kentucky na Ohio hazina sheria inayowalazimisha waajiri binafsi kulipa. Taarifa kwa mwajiri hutolewa siku 30 kabla.

Mama akitaka mwanamke

Wapo wake wasiotaka mume awepo, nalo ni chaguo la kuheshimiwa. Mjini Buffalo, mradi wa Priscilla wa kituo cha afya cha Jericho Road huwaunganisha wajawazito wakimbizi na wanawake waliofunzwa kuwasindikiza wazazi. Hapo kazi ya mume ni kumtafuta mwandani huyo mapema, kuwalea watoto waliobaki nyumbani, na kuwa karibu akiitwa.