Kleinhüningen: kijiji cha wavuvi kilichogeuka mlango wa Basel

BASEL, Uswisi – Tramu namba 8 ikitoka katikati ya jiji la Basel hupita Kleinhüningen, kisha huvuka mpaka na kuingia Weil am Rhein, Ujerumani. Tangu Desemba 2014 mnunuzi wa Basel hahitaji gari kwenda kununua nyama na sabuni nchi jirani.

Kleinhüningen kilikuwa kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Mto Rhine. Basel ilikinunua mwaka 1640 kutoka kwa mtawala wa Baden. Riziki yake ilikuwa samoni, na samaki hajui mpaka: mwaka 1736 ugomvi na wavuvi wa ng'ambo, upande wa Ufaransa, uligeuka mvutano wa kiserikali. Mwaka 1908 kijiji kikawa sehemu ya jiji. Miaka ya 1920 ikajengwa bandari, na nyumba nyingi za zamani zikaondoka. Samoni nao walitoweka, mabwawa ya umeme yakiwa yamewazibia njia.

Leo vita ni vya bei. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo forodha bado ipo. Mnunuzi hupewa fomu dukani Ujerumani, huigongesha muhuri mpakani, kisha hurudishiwa VAT: asilimia 19, au 7 kwa vyakula vingi. Tangu 2020 manunuzi lazima yazidi euro 50, maana maofisa walizidiwa na mihuri ya vitu vidogo vidogo. Anayevuka Busia au Rusumo anaijua foleni ya namna hiyo.

Kilio cha wenye maduka wa Uswisi kilikuwa kwamba mtu huyo halipi kodi popote. Na kweli, hadi faranga 300 kwa siku alipita bure. Kuanzia Januari 1, 2025 kiwango kimeshushwa hadi faranga 150. Akizidisha, VAT ya Uswisi hutozwa kwa mzigo wote, si kwa ziada tu. Nyama ina kikomo chake, kilo moja kwa kila mtu.

Lakini kiwango huhesabiwa kwa kichwa, mtoto akiwemo. Familia ya watu wanne bado inaweza kupitisha bidhaa za faranga 600, mradi wote wawepo mpakani na kusiwe na kitu kimoja kinachozidi 150.